Shukrani za Mzee Ishaka

Troyeville, Johannesburg
12 Agosti 2017

Dada Najma,

Leo salamu nitaziweka mwisho, sababu utaiona.

Bomba la gesi lililo chini ya mtaa wetu limechakaa na litabadilishwa. Mkaguzi wa mazingira, mama mmoja, alikuja kusikiliza wakazi, nami nikamtafsiria jirani yangu, Mzee Ishaka, fundi cherehani. Unawajua watu wa Tanga. Kwanza alimuuliza yule mama hali yake, akaulizia wazazi wake, akashukuru kwa kutembelewa. Mama akaandika, akafunga daftari, akaenda kula biskuti. Mzee alikuwa hajafika kwenye harufu inayomtapisha mkewe kila asubuhi. Nami nikanyamaza, eti adabu.

Juzi ripoti ilitoka. Upande wetu utasubiri miaka miwili, kwa kuwa "mkazi ameshukuru, hana lalamiko." Nilimkasirikia yule mama, nikajikasirikia na mimi mwenyewe. Baridi hii yote, mke wa Mzee analala dirisha wazi.

Jana Mzee alitaka tuwaandikie hao wakaguzi. Akaanza kunitajia maneno: "Natumai nyote hamjambo." Mimi nikaandika: "Gesi inavuja."

Haya, dada. Hamjambo huko?

Mdogo wako,
Zabibu