Magunia Sita ya Beki wa Kati

Ifakara, Jumatano

Kaka Wendelin,

Shikamoo. Itikia sasa hivi, maana ukifika chini ya barua huenda ukaninyima marahaba. Afya yako vipi, na miwa ya Kidatu inakatikaje? Huku tu wazima. Mama anakusalimu, goti lake limetulia, na mpunga mwaka huu umekubali. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Habari kubwa ni kwamba mdogo wako aliyeishia kidato cha pili, uliyesema hafai hata kuokota mipira, ndiye meneja wa Kambale FC. Usicheke. Nilikabidhiwa safu ya ulinzi iliyoruhusu mabao thelathini na moja msimu uliopita, na nahodha wake unamjua, unamwona kwenye kioo ukinyoa ndevu.

Sheria ya kamati unaikumbuka: timu isiwalipe wachezaji wake wote zaidi ya magunia ishirini ya mpunga kwa msimu, ili wenye mashine za kukoboa wasinunue kata nzima. Wewe peke yako ulikuwa unabeba sita. Mwalimu Deus, kocha wetu, akasema kwa kilichobaki tutapata beki wa kuchora ukutani. Nikamwambia atulie, akili nyingine hazina cheti.

Nikaingia mashambani. Nikamkuta Dionisi anaamia ndege wasile mpunga, kutwa yuko juu ya kichanja, anawaona kabla hawajatua, na sauti yake inafika ng'ambo ya mto. Huyo si beki ni nini? Akakubali magunia mawili. Kisha Shilinde, kijana wa Kisukuma anayezuia madume ya ng'ombe yasiingie kwenye mpunga wa watu. Mshambuliaji atamtisha nini huyo? Akataka matano, mimi nina manne. Nikamwahidi timu nzima itavuna shamba la mama yake. Mwenyekiti wa kamati akaja juu, nikamwambia sheria inataja gunia, haitaji mundu. Akafungua daftari, akasoma, akalifunga. Mechi sita sasa, tumefungwa mabao mawili tu!

Jumapili tunacheza na timu ya wenye mashine. Tukishinda, tunaingia ligi ya wilaya kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Na Mama ananiambia unakuja Jumamosi, umekasirika, unataka kwenda kwa kamati kudai nafasi yako.

Kaka, usiende. Nilikwambia kwenye simu kwamba kamati ndiyo iliyokukata. Nilidanganya. Hayo magunia mawili na manne yalikuwa yako, na jina lako nililifuta mimi, kwa kalamu yangu. Baadaye kidogo nilikaribia kuliandika tena, lakini hilo usimwambie mtu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba beki anayemwonea mtu haya hufungwa. Basi sikukuonea haya, wala siombi radhi. Viatu vyako vya njumu pia anavivaa Shilinde, na vimemkaa.

Wasalimie wakata miwa wenzako. Hapa hatujakusahau. Jina lako lipo kwenye orodha ya Jumatatu, namba moja, ya kuvuna shamba la mama yake Shilinde. Njoo na mundu.

Ni mimi mdogo wako, nisiyetubu,

Nikodemu
Meneja