Mwanangu Alisema Leo Hakati

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu za nyumba nzima, sisi hatujambo kwa kujikaza, mama mkwe anakusalimu, miguu inamsumbua ila mdomo mzima kabisa, binti yangu mkubwa anakusalimu, ndiye anayetusomea gazeti lako, na baba watoto naye angekusalimu ila tangu kiharusi kimpige ulimi umekuwa mzito, anajibu kwa kichwa tu. Naomba unisaidie, moyo umenikaba.

Kijana wangu wa pili anasomea kutengeneza filamu, sasa alikuja asubuhi moja na kamera, nami nilikuwa nimemwomba siku nyingi aje amkate baba yake nywele maana zimekuwa kichaka, akaniambia, "Mama, leo sikati," nikamjibu, "Usipokata leo utakata kesho, nywele hazikimbii," akacheka mpaka akainama, kumbe anasema habari za picha, kwamba kamera itakwenda moja kwa moja bila kukatizwa mpaka mwisho, nami nifanye kazi zangu kama hayupo. Basi namwogesha mzee, namwinua kitini, sabuni ikatutelezesha, akaniponyoka mpaka sakafuni, nimemng'ang'ania kwapani naita, "We mtoto, njoo unishikie! Njoo!" na miguu ya kijana naiona pale mlangoni haisogei. Nikamvuta mzee mwenyewe mpaka kitini, kumbe kamera bado inanitazama ninavyohema.

Walimu wake wamesema hapo ndipo penye moyo wa filamu, na Jumamosi inaonyeshwa ukumbini, wakwe zangu wote wanakwenda. Nikamwambia aondoe pale pa kuanguka, akasema, "Mama, nikikata hapo watu watadhani tumeigiza. Uzuri wake ni kwamba haijakatwa popote." Nikamwambia uzuri gani, mgongo wa baba yako? Binti naye ananiambia, "Mama, sanaa huielewi." Kweli, shule niliishia njiani. Nikikataa ataona nimemzibia riziki, nikikubali sijui nitamtazamaje mume wangu. Nijibu upesi, Jumamosi haiko mbali.

Mama mwenye wasiwasi

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mama, na wasalimie wote, hata huyo mwenye mdomo mzima. Sasa nisikilize. Nani kakwambia huelewi? Umeelewa vizuri, ndiyo maana unazungukazunguka. Picha isiyokatwa ni ufundi, hapo mwanao hakukudanganya: humkalisha mtazamaji mbele ya jambo asiloweza kulikwepa. Ila mtazamaji wa ukumbini hana mkono wa kukusaidia. Mwanao alikuwa nayo miwili, akashikia kamera.

Nawe nikuseme. Unahangaika na macho ya wakwe, unahangaika na riziki ya kijana, na aliyeanguka hujamuuliza! Ulimi ndio mzito, akili anayo. Kabla ya Jumamosi, mkalishe kijana kando ya baba yake amwonyeshe filamu yote, na asitoke chumbani. Mzee akiitikia, ionyeshwe nzima, nawe vaa vizuri uende. Akikataa kwa kichwa, haionyeshwi kabisa, wala usikubali kunyamazishwa kwa kukatiwa kipande. Aliyeanguka alianguka, kumficha si kumwinua. Kijana atanuna. Mwache anune, hatakuwa wa kwanza.

Mkibaki wawili, sema naye lile linalokuuma wewe. Usimwulize kwa nini hakukata. Mwulize kwa nini hakuja.