Kwa Baba Yetu Lengai, Aliyemjua Mbuzi Wake

Mwaka umezunguka, Baba. Mvua za vuli zimerudi mlimani, na sisi bado tukipita mlangoni tunainua mguu kukikwepa kiti chako, ingawa Mama alikwisha kukihamishia ndani.

Ulituacha mwaka wa 1912, mwaka ule gari la moshi lilipoanza kuja Moshi. Ulikuwa mtu wa maswali. Ukikutana na mgeni njiani, kabla ya jina lake unamwuliza kwao ng'ombe wanafungwa kwa kamba gani. Askari wa boma walipokuja kuhesabu nyumba, uliwahoji wewe: kofia hizi zimeshonwa na nani, mnalala na viatu? Jua likawachoma, wakaondoka wamesahau nyumba mbili.

Kazi yako ilikuwa mfereji. Miaka thelathini mtaa mzima ulinywa na kumwagilia kwa zamu ulizopanga wewe, na hakuna aliyekuita mwizi wa maji ila Lemayian. Naye ni rafiki yako, alikuita hivyo kila wiki.

Na mbuzi akichinjwa kwa ajili ya mgonjwa, matumbo yaliletwa kwako. Uliyatandaza juu ya jani la mgomba, ukayageuza kwa kidole kimoja, ukasema yaliyomo. Hukumpamba mtu.

Mwanao Lerionka alikuwa hajaonekana nyumbani miaka kumi na minane. Alibeba mizigo ya misafara, akapika kwenye kambi za reli, akaenda kila alikosikia kuna njia. Siku aliyorudi aliinamisha kichwa, kama mtoto anavyomsalimu mzazi. Ukakigusa, ukauliza, "Kichwa hiki cha nani? Aliyeondoka hapa alikuwa na nywele nyeusi."

Wakati huo chakula kilikuwa kimekwisha kukukataa. Kwanza ugali, halafu ndizi, mwisho hata maziwa yakawa yanarudi. Chini ya mbavu palikuwa na kitu kigumu kama kiazi. Lerionka akakupeleka mjini kwa mganga wa Kizungu aliyekuwa akipita. Mganga alikubonyeza tumbo, akanawa mikono, akamwita Lerionka pembeni. Kwa kinywa cha mkalimani akamwambia ni saratani ya tumbo, hakuna kisu cha kuifikia, na mvua zile hutazimaliza.

Njiani uliuliza amesema nini. Lerionka akasema, amesema upumzike.

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, Baba, na leo tunalisema wazi. Alikuwa ameondoka zamani bila mate yako. Mtu wa kwetu asiyetemewa mate ya baraka na mzazi huenda duniani kama mzigo usiofungwa kamba, naye alikuwa amerudi kwa hilo tu. Lakini mtoto hamwombi mzazi mgonjwa baraka ya mwisho ila kwa kumwambia kwamba anakufa. Dada yake Simaloi alikataa katakata usiambiwe. Alisema mtu akiambiwa hivyo miguu inakatika siku hiyo hiyo. Wewe nawe kila jioni ulikuwa ukisema, "Nikipona nitawaita watoto wangu niseme nao." Siku zikapita, na kila siku ulizidi kuwa mwepesi mikononi mwa aliyekugeuza.

Ndipo ukaagiza mbuzi wako mweupe achinjwe, ujisomee mwenyewe matumbo yake. Lemayian alimpasua nyuma ya nyumba, akatazama matumbo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba haoni heri, na kwamba wewe ukiyaona utaona zaidi yake.

Lerionka ndiye aliyetoa shauri. Mkweo Lemburis, mume wa Simaloi, alikuwa amepanda asubuhi ile kutoka malishoni mbugani na mbuzi wa kukujulia hali. Mbuzi mnene, hana doa. Wakamchinja huyo haraka, wakatandaza matumbo yake juu ya jani, wakakuletea kitandani kana kwamba ni ya mbuzi wako mweupe, na nyuso zao wamezipanga vizuri.

Ulitazama muda mrefu. Ukageuza kwa kidole, ukanusa. Ukaomba kisu kidogo, ukapasua tumbo lenyewe, ukatoa konzi ya alichokula.

"Mbuzi wangu alifungwa hapa siku nne akila majani ya mgomba," ulisema. "Huyu amekula maganda ya mgunga. Hapa kwetu mgunga uko wapi?"

Lemburis akaangalia paa.

"Mkwe, mbuzi wako mtamu?"

"Sijui, Baba. Sijamwonja."

"Basi mle. Mmechinja mbuzi wawili kwa uongo mmoja, nyama isiharibike."

Kisha ukamgeukia Lerionka. Ukasema yeye ndiye aliyetembea kuliko wote, na mtu aliyetembea hana haja ya kuficha. Naye akakuambia yote, neno kwa neno kama alivyoyapokea kwa mkalimani.

Hukulia. Ulianza kuuliza. Kitu hiki kina mizizi? Nikilala, nacho kinalala? Kinakula nini nisichokula mimi? Lerionka alisema mkalimani alimweleza kwamba Wadachi, watu wa mganga yule, hukiita kwa jina la kaa, mnyama mdogo wa pwani. Hukuwahi kumwona kaa. Ikabidi mwanao atembeze vidole vyake kwa ubavu juu ya ngozi uliyolalia, nawe ukacheka mpaka maumivu yakakukataza.

Ukamwuliza mbona anakaa karibu ya mlango kama mgeni.

"Nataka mate yako, Baba. Nimeyataka tangu nilipoingia."

"Mbona hukusema?"

"Kuyaomba kungekuwa kukuambia."

"Kwa hiyo ungenyamaza wewe, nami ningekufa nimenyamaza. Hiyo ndiyo akili ya reli?"

Kinywa chako kilikuwa kikavu. Mama Resiato alikulowesha midomo kwa maji ya asali mara tatu ndipo mate yakapatikana. Ulianza na Simaloi, ukamtemea kichwani, ukamtaja yeye na tumbo lake na ng'ombe wake. Lerionka alipoinama alikuwa amejiweka tayari kuambiwa asiondoke tena. Hukumwambia hivyo. Ulimwambia anyooshe miguu.

"Kichwa chako sikijui tena," ulisema. "Hii ndiyo iliyokuchukua, na ndiyo iliyokurudisha."

Ukaitemea yote miwili. Haijatokea hapa kwetu mtu kutemewa miguu, na Lemayian akasema hivyo. Ukamjibu kwamba sasa imetokea.

Zikabaki siku tisa, na tunazishukuru kuliko miaka mingi. Lerionka alikuosha, akakugeuza ubavu mmoja hadi mwingine, akakupa maji kwa kijiko. Mfereji ulimwachia Simaloi. Wazee wakanung'unika, ukawauliza nani mwingine anaamka kabla ya jogoo. Siku ya nane ulikuja na swali ambalo hakuna aliyejua jibu lake: maji yetu yakishapita shamba la mwisho, huenda wapi? Ulisema ni aibu kuyagawa miaka thelathini bila kujua. Lerionka akasema ataangalia. Kesho yake mchana, Mama amekushika, ulisema "Na je…" tukainama tusikie, tukaona umekwisha kuondoka.

Tunakujulisha, Baba, kwamba miguu hiyo imekwenda kuangalia. Mfereji wako unarudi kwenye mto Themi juu ya Kijenge. Themi inashuka mbugani na kuingia Kikuletwa. Kikuletwa inakwenda mbali, inabadili jina, inaitwa Pangani, inapita Buiko kando ya reli. Hapo Lerionka alikaa ukingoni akatambua mahali. Ndipo ilipokuwa kambi yake. Miaka mitatu alipika na kunywa maji hayo, akidhani yuko ugenini, kumbe ni yale uliyokwisha kuyagawa wewe.

Tulio nyuma yako: mkeo Resiato, wanao Lerionka na Simaloi, mkweo Lemburis, na rafiki yako Lemayian, ambaye hana tena wa kumwita mwizi wa maji, na imemchosha.

Kila tukinywa, tutakutaja.