Ziwa Halikumeza Kitu

Rumonge, Jumanne

Kwa kaka yangu mpendwa Jephté,

Amahoro. Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ile semina yako imekwisha vizuri ukarudi nyumbani Bujumbura. Sisi huku ningependa kuandika kwamba hatujambo, kama barua zote zinavyoandika, lakini nimekataa. Habari za nyumbani nitazifikia. Nina hasira, kaka, na nimeona nikuambie mapema ili usije ukadhani umesoma vibaya.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Nimepiga. Kila nikipiga, kabla sijamaliza kueleza unasema tuombe, unaomba kwa sauti kubwa, unasema amina, na simu inakatika. Barua haikatiki kwa amina. Isome yote, kisha ndiyo uombe.

Unaijua kazi yangu hapa redioni, ile uliyoiita kazi ya kupiga porojo za sinema. Kila Jumamosi mchana nina kipindi, nusu ya kwanza filamu, nusu ya pili kitabu cha Kikristo cha kutia moyo. Mkurugenzi wetu Leonsi ndiye aliyepanga hivyo, alitaka vijana wa bandarini na akina mama wa kanisa wasikilize redio moja. Vijana wa huku siku hizi hawataki tena filamu za ngumi. Wanataka za nyuklia, zile za bomu lililopotea, za mtambo unaochemka na saa inayohesabu kurudi nyuma huku mtu anatokwa jasho akichagua waya wa kukata. Nimezichambua mpaka nimezijua tabia zake. Mlipuko haunitishi. Mlipuko ni kelele na moshi, hata jenereta la banda la video linaweza. Kinachonitisha ni yule mkubwa anayejua na kunyamaza.

Mwezi uliopita nilichambua moja ambamo wageni wa heshima wanakuja kuzindua mtambo. Mshale wa kipimo umeshaingia kwenye rangi nyekundu, na fundi amemwambia mkuu wa mtambo. Mkuu hazimi kitu. Anachukua kitambaa cha meza, anakifunika kile kipimo, kisha anakwenda kuwakaribisha wageni vinywaji. Niliisifu sana hewani. Nilisema hicho kitambaa kinatisha kuliko bomu lolote. Wasikilizaji walipiga simu kunipongeza, nami nikavimba kichwa.

Filamu hizo naziangalia kwa Abdul, mwenye banda la video nyuma ya soko. Unamkumbuka, siku ile ulikwenda kumhubiria, akakusikiliza kwa adabu hadi mwisho na kukupa soda. Abdul anazisimulia kwa Kiswahili, kipaza sauti mdomoni, na kama wasimulizi wote anatia chumvi. Mzungu anakuwa mtu wa Muhuta aliyekimbia mahari, mtambo unakuwa umejengwa Kigwena katikati ya michikichi. Watu wanacheka, ndicho wanachokifuata. Basi siku moja alizidisha. Alisema sumu ya mtambo imevuja ikaingia ziwani, imeshafika Minago, na samaki wote hadi ndagala wameipata. Waliokuwa ndani walicheka kwa sababu walikuwa wanaona picha. Waliokuwa nje barabarani walisikia sauti tu. Kesho yake wanawake wa Minago walileta ndagala sokoni na hakuna aliyenunua, watu wanapita mbali wameziba pua.

Unajua Abdul alifanya nini? Alifunga banda, akapanda pikipiki na kipaza sauti chake, akazunguka soko lote akipiga kelele: “Bamama, sumu haiko! Ile ilikuwa filamu! Ni miye niliongeza, ni mudomo yangu!” Kisha akachota ndagala kwenye beseni la mama mmoja akaanza kuwatafuna mbele ya watu wote. Walimcheka wiki nzima. Aibu aliiona, nilimwona usoni, lakini aliimeza pamoja na wale ndagala. Huyo ndiye mtu uliyetaka kumfundisha ukweli.

Sasa nije kwenye vitabu. Vya kutia moyo navipenda, usije ukasema mdogo wako amepoa kiimani. Kitabu kizuri humwacha mgonjwa augue kurasa mbili tatu kabla ya haleluya. Mwandishi anakaa naye kitandani, anamsikiliza. Kibaya kina haraka. Chako, hicho *Ziwa Limemeza Ugonjwa*, hakimpi mtu hata nafasi ya kukohoa. Umefika ukurasa wa pili, mtu ameshapona na sadaka inapitishwa.

Hilo ningelisamehe, kuna waandishi wengi wa namna hiyo na Mungu anawatumia hivyohivyo. Lakini sura ya nne! Unasema kwamba Mama yetu, na umemtaja kwa jina, Mama Clotilda wa Rumonge, alisimama ufukweni Kigwena akatupa vidonge vyake vya presha ziwani, maji yakavimeza, na tangu siku hiyo kidonge hakijagusa ulimi wake. Kaka, mimi nilikuwepo Kigwena. Tuliomba, ndiyo. Mama alilia, akaimba, akasema kichwa kimekuwa chepesi, nami niliamini na ninaamini hadi leo kwamba Mungu alimgusa. Kisha tukala ugali na samaki, mukeke wa kuchoma, na baada ya kula Mama akameza kidonge chake kama kawaida, kwa maji ya chupa uliyomshikia wewe. Wewe mwenyewe! Ulimfungulia kizibo. Ziwa halikumeza kitu.

Tangu kitabu kifike huku, nyumba yetu haina mlango. Wanakuja kwa baiskeli kutoka Minago, wengine kwa gari kutoka Muhuta, kumshika Mama mkono. Mama Domitille, kiongozi wa kikundi cha wanawake, amewapangia zamu. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama dawa ya sukari nayo inatupwa ziwani au ni ya presha peke yake. Nilimwambia arudi nyumbani akameze dawa yake. Aliniona kama mtu anayemwonea kaka yake wivu, na sijui alifanya nini alipofika kwake. Sijalala vizuri kwa ajili ya huyo mama. Wewe unalala?

Mama mwanzoni alikuwa anavificha vidonge kwenye kopo la unga, anasubiri wageni waondoke ndipo ameze. Baadaye akaacha kabisa. Nilijua siku nilipotaka kumpima. Ile mashine ya presha uliyomletea mwenyewe niliikuta pale mezani sebuleni, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe cha sikukuu, na juu ya kitambaa kimewekwa kitabu chako kama ua. Filamu hiyo nilikuwa nimeshaiona, kaka, na niliisifu.

Nilimgombeza Mama, Mungu anisamehe, nilimpandishia sauti. Hakukasirika. Aliniambia nikae, akaninong’oneza kama anayenipa siri ya ndoa: “Jephté ameandika. Kama miye nakunywa dawa, yeye anakuwa muongo mbele ya batu. Na miye sikuzala muongo.”

Umesikia? Usijidanganye kwamba Mama aliacha dawa kwa imani. Mama ana imani kuliko wewe na mimi, na kwa imani hiyohiyo alikuwa anameza dawa kila siku na kumshukuru Mungu aliyeziumba. Aliziacha ili kitabu chako kiwe kweli. Uliandika uongo, yeye akaamua kuulipia kwa mwili wake.

Siku hiyo ndipo nilipokupigia mara ya kwanza. Nilikuomba jambo dogo, umwambie Mama kwa kinywa chako ameze dawa. Ukanijibu nisimwingizie Mama roho ya mashaka, kwamba kitabu kinakwenda kuchapwa tena na adui anatafuta mlango. Mimi ndiye adui, Jephté? Mimi ninayemwosha Mama mgongo? Ukasema tuombe.

Sasa nakuja kwenye Jumapili, jambo ambalo simu yako haikunipa nafasi ya kulisema. Mama Domitille alimwita Mama mbele atoe ushuhuda. Alikwenda amevaa kile kitenge cha harusi yako, kitabu mkononi. Alianza kusema jinsi ulivyokuwa mtoto mtiifu. Maneno yakaanza kuwa mazito, yakagongana. Kitabu kikadondoka kutoka mkono wa kushoto, kisha yeye mwenyewe akaanguka. Na kanisa likashangilia! Walidhani Roho amemshukia. Watu walisimama wakapiga makofi, ngoma zikapandishwa, na wanawake wawili wakaja kufanya kile kinachofanywa mama akianguka katika maombi, wakamfunika miguu kwa kitenge asiaibike, wakarudi mahali pao kuendelea kuimba. Alikuwa amelala pale chini, amefunikwa vizuri, na sisi tunaimba. Nasema sisi, kaka, kwa sababu nilikuwa kwenye kwaya. Mimi ninayejua kila kitu kuhusu mishale iliyoingia kwenye rangi nyekundu niliimba ubeti mzima, tena nilifurahi, nikafikiri labda Jephté alikuwa sahihi. Halafu nikauona mdomo wake.

Gari lililompeleka hospitali lilikuwa la mapipa ya mawese, na aliyelisimamisha barabarani kwa kujitupa mbele yake ni Abdul. Muuguzi anayemhudumia, Biasha, amenieleza wazi. Ni kiharusi. Upande wa kushoto hausikii. Presha isiposhuka kitakuja kingine, na hicho hatutakipeleka hospitali. Dawa ipo. Biasha anampa, Mama anaipokea, anakunywa maji, anashukuru murakoze sana. Jana nilipombadilisha nguo nilikuta vidonge vyote kwenye pindo la kitenge, vimelowa mate. Anaviweka chini ya ulimi mpaka Biasha ageuke. Kwenye kitanda cha jirani yupo mama wa kanisa letu, na Mama hataki amwone akimeza.

Basi njoo. Usitume mtu, usitume sala kwa simu. Njoo ukichukue kidonge kwa mkono wako, umshikie maji kama ulivyomshikia Kigwena, na Mama Domitille na wenzake wawe wamesimama hapo wanaona. Kutoka mkononi mwangu hamezi, nimejaribu, nimelia, nimepiga magoti. Kutoka kwako atameza, kwa sababu ni heshima yako anayoilinda, na wewe peke yako ndiye unayeweza kumwambia haitaki ulinzi tena. Hakuna anayekudai umkane Mungu. Useme tu kama Abdul: ni mimi niliongeza, ni mdomo wangu.

Na Jumamosi nitakichambua kitabu chako redioni, kama ninavyochambua kingine chochote. Leonsi amekubali, ingawa anaogopa. Kiti cha pili studioni ni chako. Ukiwepo utasema mwenyewe, usipokuwepo nitasema mimi, na sitanong’ona. Yule mama wa dawa ya sukari husikiliza kipindi changu. Ukiona studio ni ndogo kwako, Abdul anasema pikipiki yake ipo na kipaza sauti kipo.

Karatasi inakwisha, na saa ya kumwona mgonjwa imefika. Mpe wifi yangu salamu zangu, watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Leonsi anakusalimu. Wanakwaya wote wanakusalimu na wanaulizia chapa mpya ya kitabu. Biasha hakutoa salamu, ila ameuliza unafika lini.

Mama naye anakusalimu sana. Nilimwinamia nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Ilinichukua muda kumwelewa, maana nusu ya mdomo haitembei, lakini alirudia na kurudia mpaka nikayashika maneno. Anasema nikuambie amepona.

Mimi mdogo wako,
Elda