Kadi ya Chaneli ya Pili

Alhamisi, Agosti 1977

Dakika ishirini tu. Ndizo nilizotumia leo kufungua redio ya hospitali na kuweka kadi ya chaneli ya pili, ile ya kuongea na Tabora. Nilisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikaisukuma mpaka ikakaa, nikageuza swichi ya ndani, nikafunga skrubu nne.

Kadi ilikaa kabatini kwangu mwezi mzima. Nilikuwa nasubiri barua ya kibali, maana redio ya serikali haifunguliwi hivi hivi. Barua imefika jana.

Siku uchungu wa kujifungua ulipomzidi dada yangu Skola, chaneli ya kwanza ilikoroma tu. Ndege ya daktari haikuweza kuitwa. Tulimzika kwetu Ilembo wiki iliyopita.

Leo nilipomaliza kufunga, Sista wa wodi akaniambia nijaribu. Nikaita mara moja tu, Tabora wakajibu.

"Mpanda, tunawasikia vizuri. Mna mgonjwa?"

Nikabonyeza kitufe cha maiki. Halafu nikasema, "Hapana. Hatuna."

"Kazi nzuri, fundi," Sista akasema.

Nikaitikia asante. Barua ya kibali bado iko mfukoni. Sijui naitunzia nini.