Kisiwa Tulichokifagia

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Munisagara. Bwana mpima ardhi kasema Alhamisi tunakwenda kisiwani, pale mto Mkondoa unapogawanyika. Serikali inataka kujua pafanywe nini. Jioni nikapita kwa shangazi Sikuzani—analima hukohuko kila kiangazi tangu sijazaliwa. Nikampa shikamoo, nikamwambia mgeni mkubwa anakuja, pawe safi. Akapiga vigelegele! Anselmi karani, ndiyo mimi, kawaletea mgeni. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Alhamisi, 9 Agosti
Mungu wangu! Shangazi na wenzake wamefagia kila kitu. Vibanda vya nyasi wamevibomoa, wamevichoma—ati vimechakaa, aibu mbele ya mgeni. Mahindi wameyavuna mabichi wamchemshie. Mbuzi wamevushwa wasije wakanya njiani. Wenyewe wamejipanga ng'ambo, nguo za sikukuu.

Bwana akatazama mchanga, viboko, milima. Akafurahi. Kumbe hapakai mtu, akasema. Nikamweleza: wanakaa, Bwana, wamekusafishia tu. Akacheka. Yeye anapima anachokiona.

Jumamosi, 11 Agosti
Ramani. Mwandiko wangu ndio mzuri, basi niandike mimi: HAKUNA WATU. Pembeni, nyumba kumi za watalii. Wazungu wa mashamba ya mkonge waje kutazama viboko, kisha wapande Mikumi kutazama tembo. Kulima marufuku.

Nikasema, Bwana, shangazi yangu yuko pale. Akasema niandike, au nikakate mkonge Rudewa. Nina watoto wanne. Nimeandika. Herufi zimenyooka kabisa—najichukia.

Jumapili, 12 Agosti
Shangazi kanisubiri nje ya kanisa. Kakata nyasi mpya, mizigo sita, anataka nimsaidie kuvusha ajenge. Kauliza, mgeni alipapenda? Nikamwambia alipapenda sana. Akacheka mpaka akashika kiuno. Nami nikacheka naye! Mtu gani mimi?

Jumatatu, 13 Agosti
Barazani kwa jumbe. Bwana atasema Kiingereza, tangazo la Kiswahili nisome mimi. Bado anavuta kiko, naandika haraka.

Shangazi kakaa mbele kabisa, kapakata jogoo mwekundu—zawadi ya mgeni. Nyasi hatujavusha, nilisema nina kazi. Anawaonyesha wenzake kwa kidole: yule, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyemleta. Wanashangilia. Shangazi mwenyewe kasimama ananipungia.

Karatasi ninayo. Mstari wa kwanza una jina la kisiwa. Wa pili—

Bwana kakung'uta kiko. Ananiita.