Kuhusu Pikapu Unayotaka Kutuletea

Bulla Iftin,
Garissa.
Jumamosi, 14 Septemba 1996

Mpendwa Abti Yakub, mjomba wangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Pokea na shikamoo juu yake, maana najua kwamba kwa miaka uliyokaa Arusha salamu haikutoshi bila hiyo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, ila joto limeanza mapema na vumbi halitoki majumbani. Je, kifua chako kimepata nafuu? Na macho ya Bibi Leyla yaliyomsumbua wakati wa baridi, yamepona? Tunawaombea afya katika kila swala.

Barua yako ilitufikia kabla ya shule kufungwa mwezi wa Agosti. Umengoja jibu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na naomba radhi. Haukuwa uzembe. Uliniuliza jambo moja tu, kama pikapu yako ya Landkruza itatufaa kwa maisha yetu ya kila siku, ukaongeza kwamba dereva wako anataka kuondoka kabla ya mvua za Oktoba. Nimeandika majibu mawili yanayopingana na kuyachana yote. Hili nalo sina hakika nalo, lakini sitalichana.

Nianze na dada yako, kwa kuwa yeye ndiye sababu ya pikapu yenyewe. Mama yuko hapa kwetu. Kidonda cha mguu kimepungua, ila hakijafunga, na sukari hupanda na kushuka bila kututaarifu. Daktari amesema kidonda kisafishwe na damu ipimwe kila mwezi bila kukosa, hata atakapojiona amepona. Wajir ni karibu zaidi na Hadado kuliko hapa, lakini huko hana mtoto wa kumlaza wala wa kumwosha mguu. Mama amekubali masharti yote ya daktari, kwa sharti lake moja: kidonda kikifunga, arudi Hadado kwa ng'ombe wake, ambao kwa sasa wako mikononi mwa kaka yangu Abdow, kisha kila mwezi gari lije limchukue. Analiita "gari la Yakub", kana kwamba limeegeshwa hapo nje.

Unaona basi, Abti, kwamba nikisema pikapu isije, sikatai gari tu.

Nilitaka kuijaribu kabla ya kuihukumu. Gelle, binamu ya mume wangu Korane, anafanya biashara Bura, akileta bidhaa kutoka Liboi, na ana pikapu ya aina ileile kama yako. Alikuwa Nairobi likizo yote akimuuguza mkewe, akatuachia ufunguo. Tukaifunika Pijo yetu, gari letu dogo, kwa turubai, tukaanza kuishi na pikapu.

Hapa mjini, nakiri, ilinipendeza. Ukiwa juu vile unaona mbali, na mashimo unayapita bila kuyahesabu. Lakini safari zangu za kila siku ni kutoka nyumbani hadi shuleni ninakofundisha, kisha sokoni, na karibu njia yote ni lami. Kwa hayo Pijo inatosha. Nilichojifunza hapa mjini kilihusu watu zaidi kuliko gari. Siku ya kwanza, jirani yetu Sharifo, ambaye nilipokuwa na Pijo alikuwa hata hanisimamishi, alikuwa amekwisha kaa nyuma na mbuzi wake kabla sijawasha injini.

"Eeddo, mimi naenda sokoni tu," nikamwambia, nikimwita shangazi kwa heshima.

"Na huyu mbuzi anakwenda wapi, Nasteho?" akanijibu, akagonga paa la kebini ili niondoke.

Pijo ina viti vyake. Ikijaa imejaa, na hakuna anayenuna. Pikapu haina kipimo hicho. Nilimwambia bwana mmoja kwamba nafasi imekwisha, akatazama nyuma, akatazama juu ya kebini, akaniuliza kwa upole, "Imekwisha wapi?" Nikampakia. Wagonjwa, mahari, magodoro ya arusi, na mara moja maiti, vyote vilipita mgongoni mwa gari lile, na sikuona njia ya kukataa hata kimoja bila kuwa mtu mbaya. Wala si uchovu wangu tu. Wewe unajua zaidi yangu: mtu akianguka kutoka nyuma ya gari langu akafa, ngamia wa dia, fidia ya maisha yake, watachangwa na wanaume wote wa ukoo wa Korane, hata wale ambao hawajawahi kuligusa. Nilikuwa nikiendesha polepole sana, Abti, macho yangu yakiwa zaidi kwenye kioo kuliko barabarani.

Hata hivyo hayo yangevumilika. Nilijiambia kwamba mahitaji ya kila siku si kipimo cha haki, kwa kuwa hitaji linalokuja mara moja kwa mwezi laweza kuwa zito kuliko yote ya siku nyingine. Tukaamua kwenda Hadado kumchukua Mama.

Tulipanda na msafara wa magari chini ya ulinzi wa polisi, tukauacha Habaswein ili tuingie njia ya ndani. Askari mmoja, ambaye binti yake namfundisha, alituuliza tunaelekea wapi. Aliposikia, alilizunguka gari lote polepole.

"Mwalimu, hii gari ni nzuri sana," akasema. "Ndiyo maana nawaonea huruma."

Mbele kidogo kuna laga pana, mto uliokauka, na mchanga wake ni kama unga. Korane alipunguza mwendo, akabadilisha gia ili magurudumu yote manne yavute, kwa fahari ya mtu aliyengoja siku hiyo tangu ujana. Ya nyuma yakazunguka. Ya mbele hayakujali. Tukazama hadi kwenye ekseli. Korane akaingia uvunguni, akatoka na mchanga ndevuni.

"Gelle amelihasi gari," akasema.

Propela ya mbele, ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, haikuwapo. Wachungaji wa ngamia walitukuta hapo, wakakata matawi, wakayatandika chini ya tairi, wakatusukuma huku wakituuliza kama gari letu lilihitaji pia kunyweshwa. Korane alimlaani binamu yake mpaka Hadado.

Tulikaa siku mbili. Mama aliagana na ng'ombe wake mmoja mmoja, akamwachia Abdow maagizo ambayo Abdow amekuwa akiyajua tangu utotoni. Kisha tukampandisha kwa kutumia kinu kilichofudikizwa kiwe ngazi, maana goti lake halifiki kwenye kikanyagio, tukamkalisha kati yetu, mguu juu ya mto.

Wakati huu laga tuliivuka vizuri, kwa matawi tuliyoyabeba. Tulipopanda ukingo wa pili, watu watatu wenye bunduki walikuwa wamesimama njiani, bila haraka, kama watu waliokuwa na ahadi nasi. Hawakutudai kitambulisho wala kutuuliza ukoo. Mkubwa wao alinyoosha mkono, Korane akampa ufunguo. Walitushusha sisi wawili. Mama wakamwacha ndani, kwa kuwa waliona kumshusha ni kazi.

Walilikagua gari kama wanunuzi. Waliuliza tangi linachukua kiasi gani, waliuliza umri wa injini, walipiga tairi kwa visigino. Wakati wote huo mdogo wao alikuwa amenielekezea mtutu kifuani, akitazama kwingine. Nilitazama kidole chake, sikuweza kutazama kitu kingine. Kisha akaitwa, akalala chali, akaingia uvunguni.

Mama, ambaye macho yake hayamsaidii sana, akauliza dirishani: "Wewe uliye chini, mama yako anajua uko wapi?"

"Anajua, ayeeyo," sauti ikatoka chini, ikimwita bibi. "Yeye ndiye aliyenituma."

Mwenzake akacheka. Kisha yule wa chini naye akacheka, lakini kwa sababu nyingine. Akatoka akijipangusa. "Punda huyu ana miguu miwili," akamwambia mkubwa wake. "Ya mbele imeliwa."

Mkubwa aliinama ajionee mwenyewe. Alipoinuka alimtazama Korane kwa muda, nikaona anafikiria kumpiga risasi kwa hasira ya kupotezewa wakati. Sijui ni nini kilichombadilisha. Akautupa ufunguo mchangani. Wakachukua tairi la akiba, dizeli iliyokuwa kwenye dumu, na maji yetu yote, wakaingia vichakani.

Tulipokaribia Habaswein, Mama aliomba maji.

Gelle aliporudi alishangaa kwamba tunamlaumu. Kila mwenye pikapu Bura, alituambia, huitoa propela ya mbele njia zikichafuka na kuifungia dukani; alidhani mtu mwenye akili hahitaji kuelezwa. Pijo majambazi hawaitaki, kwa kuwa ikitoka barabarani itawafia mikononi. Wanataka gari linaloweza kwenda popote, ili nao walipeleke popote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilizungusha jambo hili kichwani. Pikapu ikiwa kamili itamvusha Mama laga, na kwa ukamilifu huohuo itatuuza kwa yeyote anayengoja ng'ambo. Ikiwa pungufu itatuacha salama, kisha itatuzamisha mchangani, mgonjwa akikaa juani. Korane anasema tuifiche propela sandukuni, tuifunge tukifika laga na kuifungua tukivuka. Nilimuuliza ni nani atakayelala uvunguni na spana mahali hasa wanapongojea watu, na kama wanaokagua uvungu hawatakagua sanduku. Alinijibu kwa swali lake: "Unataka tungoje amani ije ndipo tumtibu mama yako?"

Tangu alipoliuliza swali hilo tunazungumza mambo ya chakula na ya watoto, basi. Ni mtu mwema, naye alisimama mbele ya mtutu uleule, na bado anaitaka pikapu. Huenda ushujaa wake unaona kitu ambacho hofu yangu inakificha. Aidha, safari moja si ushahidi. Kuna watu wanaokwenda Hadado na kurudi mwaka mzima bila kukutana na mtu. Nawafundisha wanafunzi wangu wasitoe hukumu kwa tukio moja, nami sasa nafanya lilelile ninalowakataza.

Lakini hesabu ya mwisho haikuwa ya gari. Nilijiuliza ni mara ngapi kwa mwaka nitamketisha Mama katikati ya kiti kile na kupanda ule ukingo wa pili. Jibu ni kila mwezi, maisha yake yote. Siwezi, Abti. Naomba usiilete. Mama atakaa nasi Garissa, karibu na daktari, na Hadado atakwenda mara chache, kwa lori la msafara, njia zikitulia. Najua namnyang'anya nini. Ameishi miaka yote akilala mahali anaposikia ng'ombe wake wakicheua, nami nampa chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Yeye hajui bado. Nasimamisha kalamu hapa, kwa kuwa si haki wewe ulijue jambo hili kabla yake.

Jumatatu, kabla ya kwenda shuleni.

Nilimwambia jana baada ya Alasiri, nikimfunga bendeji. Nilidhani atalia au atanikaripia. Aliuliza kama Korane anajua; nikasema anajua, naye hakubaliani nami. Aliuliza kama Abdow atamkamua yule ng'ombe mwenye pembe moja kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa hakubali wa kulia. Nikasema nitamtumia ujumbe. Nami nikaendelea kufunga bendeji iliyokuwa imekwisha kufungwa.

Alipozungumza tena hakuzungumza juu ya Hadado. Yafuatayo ni maneno yake. Ameniagiza niyaandike kama yalivyo, na sikuyalainisha.

"Mwambie Yakub kwamba miaka yote hii nilimtetea. Watu walipouliza mbona haji kuniona, nilisema njia ni mbaya kutoka kule aliko, hakuna gari linalopita. Sasa nasikia lipo, na lilikuwa lifike hapa mlangoni bila yeye. Mwambie gari lake silitaki. Yeye namtaka. Aje kwa basi."

Kisha akaniomba nimfungulie dirisha.

Abti, sikuwahi kukuandikia jambo zito namna hii, wala sijui kama nimemtendea mama yangu wema au nimemfungia mlango. Ukija, utamtazama na kuniambia. Kitanda kipo.

Msalimu sana Bibi Leyla, na Bare na Zeinab pamoja na watoto wao. Korane anakusalimu kwa heshima, licha ya yote. Watoto wanakubusu mkono. Abdow ameomba umkumbuke katika dua zako. Mwenyezi Mungu akulinde katika njia utakayoichagua, akupe nguvu ya kuimaliza, na atukutanishe uso kwa uso katika mwaka huu.

Mpwa wako akupendaye,
Nasteho